Mikono Iliyokunja Hinkali Maplewood: Maisha ya Elinaja Mchome

Dada yetu Elinaja alizaliwa tarehe 9 Machi 1968 Msangeni, Ugweno, mtoto wa tatu wa marehemu Mwalimu Daudi Mchome. Alimaliza kidato cha nne Mwanga mwaka 1986. Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na Elihuruma Msuya, wakajaliwa binti, Fadhila. Mwaka 2001 walihamia Minnesota, wakakaa Maplewood.

Mwaka 2008 aliajiriwa kuosha vyombo katika mgahawa wa vyakula vya Georgia, ile nchi ya Kaukasi. Mpishi mkuu, Mama Manana, alimfundisha kukunja hinkali, vifuko vya unga vyenye nyama na mchuzi ndani, mikunjo kumi na tisa kila kimoja. Mama Manana alipostaafu mwaka 2013, jiko lote likawa la Elinaja. Mchungaji wetu alipokwenda kuonja, Elinaja alimnyang'anya uma: "Baba Mchungaji, hii ni ya mkono. Ukiitoboa, mchuzi unamwagika."

Liko jambo hatutalinyamazia. Oktoba 2022 gazeti lilikuja kupiga picha. Mwenye mgahawa alimwambia, "Kaa stoo kwanza. Watu wanataka kumwona Mgeorgia." Akapigwa picha mpwa wa huyo mwenye mgahawa, asiyejua hata kukanda unga, ameshika sinia la hinkali za dada yetu. Nyumbani Elinaja alimwambia Fadhila, "Wamenificha kama sufuria iliyoungua."

"Mama, just quit."

"Niache kazi ya mikono yangu, nimwachie nani?"

Mama Manana alipata habari. Kwenye karamu ya Januari iliyofuata pale mgahawani, Wageorgia wanapoinua glasi moja baada ya nyingine kuombea amani, wafu na wageni, alikwenda jikoni, akamleta Elinaja mbele akiwa na aproni yake. "Miaka tisa mmekula kwa mkono wa huyu," alisema. "Asiyetaka kumshukuru asinywe." Ukumbi mzima ulisimama. Siku hiyo dada yetu alionja divai kwa mara ya kwanza nje ya meza ya Bwana.

Februari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alifariki nyumbani tarehe 11 Mei, akiwa na miaka 57.

Juzi mwenye mgahawa aliomba jina la mgahawa lichapwe katika ratiba hii ya mazishi. Tumekataa. Chakula cha leo kimepikwa na Mama Manana, mwenye miaka themanini na moja.

Dada yetu ameacha mume, binti, wadogo wawili, na Mama Manana aliyemwita mwanangu.

Dada, wewe pumzika kwa amani. Sisi bado tuna hasira.