Filimbi ya Mzee Zablon Mazengo, Mpanga Magari ya Misiba ya Kizota

Ndugu waombolezaji, futeni machozi kidogo, maana maisha ya mzee huyu hayasimuliki kwa sauti ya chini.

Marehemu Zablon Mazengo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1955 huko Mlali, wilayani Kongwa, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Mazengo na Mama Anjelina. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Mlali, 1964 hadi 1970. Mwalimu wa michezo alimwazima filimbi aendeshe mazoezi ya mpira. Hadi anafariki alikuwa bado anasema, "Kesho naipeleka."

Mwaka 1973 alianza kazi ya utingo wa malori ya Kondoa, akapanda akawa dereva, na mwaka 1991 akafungua gereji yake Kizota.

Tarehe 8 Septemba 1979 alifunga ndoa na Loisi. Siku hiyo bibi harusi kafika, mchungaji kafika, bwana harusi haonekani! Kumbe yuko nje, suti imejaa vumbi, anapuliza filimbi na kupanga matrekta ya wageni. Mama Loisi husema, "Pale ndipo nilipojua naolewa na mtu na filimbi yake."

Kizota hapakuwa na msiba usio na filimbi hiyo. Turubai likisimamishwa tu, yeye huyo barabarani: "Wewe wa Noah, rudi nyuma! Wa pikipiki, banana na ukuta!" Aliamini kwamba mfiwa hufarijika kwa kuona nani amefika, na watu hawafiki wakikosa pa kuweka gari.

Basi Machi 2025 ikaja rasimu ya sheria ya jiji: marufuku kuegesha gari kando ya mtaa wowote, na atakayekaidi tairi lake litafungwa mnyororo. Weee! Mkutano wa mtaa ulifanyika gerejini kwake, ukajaa hadi watu wakakalia matairi. Afisa wa jiji, Bwana Kefa, Mhehe, yaani mtani wetu sisi Wagogo, akaisoma yote. Mzee Zablon akasimama.

"Mtani, nikifa mimi, wewe na wenzako mtaegesha wapi? Juu ya turubai?"

"Hilo tumeliona, mzee," Kefa akajibu. "Wafiwa wataomba kibali wiki moja kabla ya msiba."

Mkutano ulilipuka. "Kabla?" mama mmoja akapiga kelele. "Basi tuleteeni na ratiba ya kufa!" Kefa mwenyewe alicheka hadi akavua miwani.

Lakini Jayant, mwenye duka la vipuri linalotazamana na gereji, hakucheka.

"Zablon, wewe ni jirani yangu," alisema. "Ila siku mke wangu Kusum alipozidiwa, ambulensi ilikwama hapo mwanzo wa mtaa. Ni magari ya msiba, pande zote mbili. Uliyapanga wewe."

Kusum alipona, Mungu mkubwa, lakini Mzee Zablon hakuwahi kuambiwa habari ya ambulensi hiyo. Aliketi, akawa anaigeuzageuza filimbi mkononi. Kila mtu alijua anachokihofia: misiba ya Kizota kubaki na viti vitupu. Kisha akainuka tena.

"Jayant, nisamehe ndugu yangu. Iandikwe hivi: penye turubai la msiba watu waegeshe, lakini upande mmoja tu. Upande wa pili ubaki wazi, mgonjwa apite. Na awepo mtu wa kusimamia."

Makofi hayo! Vigelegele kama vya harusi! Jayant akaja kumshika mkono. Juni madiwani walipitisha sheria na maneno yale yakiwemo, na mzee alirudi nyumbani akipuliza filimbi njia nzima, mjukuu yeyote asimwambie kitu.

Agosti moyo wake ulianza kumsumbua, akalazwa mara mbili. Sheria ilipoanza kazi Oktoba alikuwa kitandani. Kefa alipokwenda kumwona, aliulizwa kabla hajakaa, "Kuna msiba mtaani kwetu umetumia upande mmoja?"

"Bado, mtani."

"Basi mtaa wetu una afya. Itabidi nianze mimi."

Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, akiwa na miaka sabini. Ameacha mjane, Mama Loisi, watoto watatu, Tumsifu, Anthony na Emiliana, wajukuu saba, jirani yake Jayant, na filimbi moja ya shule ambayo haijarudishwa.

Filimbi hiyo asubuhi ya leo Kefa ameipora mkononi mwa Tumsifu, kama mtani anavyoruhusiwa msibani, akaapa kwamba jeneza halitoki mpaka aachiwe kazi. Tumemwachia. Hebu tazameni barabarani: magari yamejipanga upande mmoja hadi kwa Jayant, na upande wa pili hakuna hata baiskeli.

Njia iko wazi, Baba. Pita, ukapumzike.