Simu Isiyongoja Kuitikiwa

Wewe ungechagua ipi: simu yenye sauti nzuri, au simu yenye subira? Swali hilo lilimkaba kijana aliyeitwa Digrii tangu asubuhi. Baada ya miaka mitatu ya kutembeza bahasha ya vyeti kwenye ofisi za watu, zahanati ilikuwa imempa kibarua chake cha kwanza: laini ya simu inayojibiwa na mashine, ya kuwasomea kina mama siku za chanjo. Kabla ya saa sita alitakiwa amwambie daktari mkuu ni jukwaa lipi kati ya mawili litapitisha simu hizo. Benchi zima la nje ya saluni lilikuwa likimjaribia majukwaa hayo, kila mtu kwa salio lake.

— Hili la kwanza mitambo yake iko ng'ambo, alisema Wembe, kinyozi mwenyewe. Sauti ikipita huko inapigwa baridi.

— Ile ni quality, bro, alisema Digrii. Safi kabisa.

— Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Itarudi na mafua.

Shangazi Opereta, aliyestaafu baada ya miaka thelathini ya kuunganisha simu za watu kwa mkono, alimimina kahawa.

— Si baridi. Mashine zinatusengenya zenyewe kwa zenyewe. Ndiyo maana zinatukatia, zikaendelee na umbea wao.

— Shangazi, seriously?

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Piga, Wembe.

Wembe akapiga, akaweka spika. "Habari za asubuhi. Kwa chanjo ya mtoto, bonyeza moja."

— Nzuri, dada. Za kwako? Hapo kwenu hawajambo?

Simu ikakatika. Mara ya sita.

— Bonyeza, jamani, alisema Digrii. Nani kakwambia uongee nayo?

— Si imenisalimu? Ninyamaze kama sikulelewa?

Digrii alifungua mdomo amtukane, ndipo akaelewa. Jukwaa lile la sauti safi lilingoja sekunde nne tu, na hazibadilishiki. La pili lilikwaruza, lakini muda wa kungoja unaupanga mwenyewe. Kina mama wangeitikia salamu kwanza, na wote wangekatiwa. Miaka minne ya chuo, hakuna profesa aliyemwambia hilo.

— La pili, alisema. Sekunde kumi na tano. Wembe, Shangazi, asanteni. Kweli kabisa. Mmeniokoa mimi na watoto wa watu.

— Kunywa kahawa, mwanangu, inapoa.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, aliyekuwa akisubiri kaka yake mtoto amalize kunyolewa, akauliza:

— Na nikikwama humo, nabonyeza ngapi nipate mtu?

Namba hiyo haikuwepo; zahanati ilisema haina wa kupokea.

Digrii akamwandikia daktari mkuu: "Jukwaa ni la pili. Kitufe cha sifuri nimekiacha wazi kwa anayetaka kuongea na mtu. Sasa ninyi mliokata utepe wa laini hii kabla haijalia hata mara moja, wekeni mtu wa kupokea. Hapa yupo mstaafu mwenye miaka thelathini ya kazi hiyo, na yupo kijana mwenye digrii. Hatuombi chai. Tunataka viti viwili na simu, na tunavitaka kabla simu ya kwanza haijaingia."