Kaka Yetu Hamira na Jibu Lililokuja Nusu

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kutusindikiza, mimi ndiye ninayemfuata marehemu kwa kuzaliwa, na familia imeniachia kazi ya kuwasomea maisha yake.

Kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Hamira, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa kwanza wa seremala na mkunga, akasoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya nyumba yetu, kisha sekondari, ambako alipenda kemia na kuchukia kuamka alfajiri, jambo la kuchekesha kwa mtu aliyekuja kuwa mwokaji.

Mwaka 1988 aliajiriwa katika kiwanda cha mikate, akaanza kwa kupaka mafuta makopo ya kuokea, akapanda hadi kusimamia tanuri, na wenzake walioketi pale nyuma ni mashahidi kwamba alikuwa akiugonga mkate kwa kidole na kuusikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua.

Tarehe 17 Juni 1995 alifunga ndoa na shemeji yetu, mshonaji wa sare za shule, wakaishi pamoja mpaka mwisho.

Sasa nimefika mahali pa watoto, ambapo msomaji huwa anataja majina, nami sina la kutaja. Kazini walimtania, "Hamira, tanuri limekukausha!", naye akacheka nao, mpaka mwaka 2001 alipokwenda kupima mbegu za kiume, zikatazamwa kwa darubini, zikaonekana nyingi, zenye mwendo na umbo zuri, akarudi kifua mbele na kuwanunulia soda kiwanda kizima. Shemeji naye alikuwa amepimwa asionekane na kasoro, lakini majibu yake hayakununuliwa soda, na tangu siku hiyo shangazi zetu, ambao nawapenda, wakawa wanasema, "Mwanetu ni mzima, tatizo tunajua liko wapi."

Mwaka 2016 mtafiti wa maabara ya uzazi aliwaita wanaume walioambiwa wazima na bado hawana watoto, kaka akaenda, akaelezwa kwamba ndani ya mbegu mna vipande vidogo mno viitwavyo maikro-RNA, vinavyoamua jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze, na kwamba darubini haivioni. "Kwa hiyo mkate umeumuka, rangi safi, ndani mbichi," akasema, mtafiti akacheka. Baadhi ya vipande hivyo vilionekana kwake kuwa vichache kuliko kwa wanaume wenye watoto, akaambiwa huenda ndiyo sababu, kwamba kipimo chenyewe bado kinachunguzwa, na kwamba dawa hakuna.

Aliwaita wakubwa sebuleni, akawaambia ni yeye. Shangazi akamuuliza, "Daktari kasema ni wewe?" Akajibu, "Kasema huenda." "Basi, mwanangu, huenda si wewe," na chai ikaendelea kunywewa.

Agosti mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akalazwa, akafariki tarehe 4 Februari mwaka huu, asubuhi, shemeji akiwa amemshika mkono. Wodini aliniambia, "Ukifika kwenye watoto, usisome tu kwamba hatukujaliwa, sema ni mimi, watu wote wasikie." Nikamwahidi. Nilikwenda kwa mtafiti yule kumwomba sentensi moja isiyo na huenda, akanitazama kwa huruma, akasema vipimo vile vinatofautisha kundi na kundi, mtu mmoja bado havitoshi kumhukumu, na kwamba hata yeye angependa vitoshe.

Kwa hiyo nimesimama hapa na ahadi nisiyoweza kuitimiza bila kusema nisichokijua. Ninachokijua ni kwamba majibu ya mwaka 2001 yalimhusu kaka peke yake, hayakusema neno lolote juu ya shemeji, maneno yale tuliyaongeza sisi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi, wenzake wa kiwandani mlioleta mikate leo ingali moto, na mtafiti aliyekataa kutudanganya. Shemeji, kaka alitaka upewe jibu mbele ya watu, nami nimekuletea nusu yake.

Hamira, nimesoma nilichoweza. Pumzika kwa amani, kaka, na utusamehe hiyo huenda.