Aliyewangoja Penye Baiskeli

Mdogo wangu tunayemzika leo alizaliwa alfajiri ya Jumanne, tarehe 9 Oktoba 1979, katika nyumba ya kupanga iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu baba yetu, msoma mita za maji, na mama yetu, mshonaji, ambaye amekaa hapa mbele. Mimi ni dada yake. Nimepewa kazi ya kusoma wasifu huu kwa sababu mama hawezi, wifi yangu amekataa, na mimi nimezoea kumsemea marehemu tangu hajajua kusema. Nikikwama mahali, mnisubiri kidogo.

Wengi wenu mlimwita Stendi. Jina hilo alipewa kazini, kwa vile aliweza kusimama na kamera begani muda mrefu bila kutikisika, akafanya kazi ya stendi ya miguu mitatu ambayo hawakuwa nayo. Sisi nyumbani hatukushangaa. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kuganda mahali. Mama akimtuma sukari, mimi ndiye niliyetumwa kumtafuta, na nilimkuta kwenye mlango wa jirani, sukari mkononi, akitazama wageni wanavyovua viatu. Nilimvuta sikio mpaka nyumbani. Hakulia, aligeuka tu nyuma kuona nani anafuata kuvua.

Alianza shule ya msingi mwaka 1987, ng'ambo ya barabara kutoka nyumbani, na alimaliza sekondari ya kutwa mwaka 1997. Matokeo yake yalikuwa ya wastani, na nasema wastani kwa kuheshimu msiba. Baba alitaka awe msoma mita kama yeye. Marehemu akaenda chuo cha ufundi kusomea picha na sauti, akahitimu mwaka 2000. Huko ndiko alikokutana na rafiki yake wa kufa na kuzikana, mnasa sauti tunayemwita sote Maiki, ambaye leo amebeba jeneza upande wa kichwa.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupiga video za harusi. Wenzake walimkimbilia bibi harusi kila aendako, yeye alimngoja mlangoni. Alisema mlangoni ndipo mtu anapouvaa uso wake, akishaingia ndani amekwisha kuuvaa na huoni kitu. Wateja walilalamika kwamba wamepewa milango mingi kuliko keki. Mwaka 2004 aliajiriwa na kituo cha televisheni kama mpiga picha wa habari, akadumu mpaka 2011, kituo kilipopunguza wafanyakazi. Alirudi nyumbani na kamera moja kuukuu waliyomruhusu kuondoka nayo, na kwa wiki kadhaa hakuitoa kwenye mfuko.

Mwaka uliofuata walikuja yeye na Maiki kwenye meza yangu ya chakula kunieleza kwamba wanataka kutengeneza mfululizo wa makala kuhusu wanamichezo wa kulipwa wa triathloni, yaani wale wanaoogelea, wakatoka majini wakapanda baiskeli, wakashuka wakakimbia, yote mfululizo bila kupumzika.

"Dada, hawa watu wanafanya kazi tatu kwa asubuhi moja, na hakuna anayewajua," aliniambia.

"Mama anafanya tano, na wewe hujampiga picha hata siku moja," nikamjibu.

Akacheka, lakini nilimwona usoni kwamba ameshakata shauri. Kuanzia siku hiyo meza yangu ikawa chumba cha kuhariri. Blanketi langu likaziba dirisha ili mwanga usiingie, na mti wa deki yangu ukafungwa maikrofoni kwenye ncha ukaenda nao kwenye mashindano. Mama alishona koti la mvua la kamera kutokana na koti la mvua la baba. Mti wa deki sijarudishiwa mpaka leo, Maiki, na sijasahau.

Matajiri wanapopiga picha mashindano ya namna hii hutumia boti, pikipiki na helikopta. Marehemu alikuwa na kamera moja na miguu yake. Akatafuta sehemu moja ambayo kila mshindani lazima apite, akaikuta: eneo la kubadilishia, pale baiskeli zinapotundikwa kwenye mabomba. Mtu anatoka majini anatweta, anavua kofia na miwani ya kuogelea, anavaa helmeti, anachukua baiskeli na kuondoka, kwa muda wa kupiga chafya mara mbili. Baadaye anarudi, anatundika baiskeli, anavaa raba na kukimbia. Stendi alisimama hapo. Kuogelea kwenyewe hakukuonekana, wala barabara. Watazamaji waliona nyuso tu, zikitoka kwenye tabu moja na kuingia kwenye nyingine.

Alikuwa na sheria moja na hakumwonea mtu haya. Anayetazama kamera anakatwa, hata picha iwe nzuri namna gani. "Ukitazama kamera umetoka kwenye mashindano, umekuja kwangu," alisema. "Mimi sikukuita." Aliwakata mabingwa. Alimkata mwenyekiti wa chama chao, aliyepunga mkono, na mwenyekiti yupo hapa leo, tunamshukuru kwa kusamehe.

Sasa nifike kwenye ndoa, ambayo ilianza kwa kosa. Siku ya kwanza ya kupiga picha, mwaka 2012, walikuwa wamekubaliana na bingwa mmoja wa kike kwamba wamfuatilie yeye. Wanawake wote waliingia majini na kofia za rangi moja. Marehemu akamkazia macho mwogeleaji mmoja mwenye mikono mirefu, akamfuata kwa kamera mpaka nchi kavu, akampiga picha safi kabisa penye baiskeli. Dada yule alipovua kofia, Maiki akasema polepole, "Stendi, siye." Bingwa mwenyewe alikuwa ameshaondoka na baiskeli yake, hata kisogo hawakukipata.

Aliyepigwa picha alikuwa mgeni, yale yakiwa mashindano yake ya kwanza ya kulipwa. Baada ya mashindano marehemu alimwendea, kofia mkononi.

"Samahani dada, nimekupiga picha kwa makosa."

Dada yule alikuwa amekaa chini anakunywa maji. Akamtazama kutoka juu mpaka chini, akasema, "Basi endelea kukosea."

Akaendelea kukosea. Tarehe 22 Agosti 2015 walifunga ndoa, na huyo ndiye wifi yangu. Mwaka 2017 walijaliwa binti mmoja, tuliyemwita Kipenga kwa sauti aliyokuja nayo. Mama yake alipokuwa mazoezini asubuhi, marehemu ndiye aliyemsuka mtoto nywele za shule. Mistari ilikwenda inakotaka, na Kipenga hakuruhusu mtu mwingine airekebishe.

Miaka yote hiyo, kila walipokutana penye baiskeli, wifi yangu alimpita mumewe kama mtu na nguzo. Kwake kila nukta ilikuwa kazi, na mumewe alikuwa na sheria yake. Jioni mezani nilikuwa nikiwasikia.

"Leo umenipita tena."

"Ungeniita."

"Ningekuharibia."

Sehemu tano za mfululizo zilikamilika. Zilionyeshwa na kituo kidogo, saa ambazo watu wamelala, na katika kumbi za shule na klabu, na walioziona walizipenda. Sehemu ya sita na ya mwisho ilikuwa imhusu wifi yangu. Mkataba wake na timu ulikuwa unakwisha, na kocha alikuwa amemwambia wazi kwamba akiwa katika watano wa kwanza kwenye mashindano ya Machi 2025, atapewa msimu mmoja zaidi. Akikosa, ndiyo basi.

Mwezi wa Novemba 2024 marehemu alianza kulalamika maumivu ya tumbo yaliyopenya mpaka mgongoni. Tulidhani ni kuinama kwenye meza yangu. Vipimo vilionyesha saratani ya kongosho, na ilikuwa imeshasambaa. Daktari hakutuficha kitu, na sisi hatukumwuliza mara mbili. Mtu ambaye hakutikisika alianza kutetemeka mikono. Niliona uchungu kumwona anashika kikombe kwa mikono miwili, naona uchungu hata sasa ninapousoma mstari huu.

Februari, nikiwa nimempelekea supu, niliwakuta wanabishana chumbani.

"Sishindani," wifi yangu alisema. "Nakaa na wewe."

"Ukikaa na mimi, tutakuwa wawili tunaongoja. Nenda ukautafute huo msimu. Mimi nitakuja kukupiga picha."

"Utanipiga picha umelazwa?"

"Nimekaa."

Wifi akanigeukia. "Wifi, zungumza na mdogo wako. Mimi ameshanishinda."

Nikamwambia marehemu kwamba safari ile itamuua kabla ya wakati wake. Akaniangalia kwa upole, akasema, "Dada, wakati wenyewe si ndio huu?" Niliweka supu mezani nikatoka nje.

Jumamosi tarehe 15 Machi 2025 Maiki alimbeba mpaka eneo la kubadilishia, akamkalisha kwenye kiti cha plastiki, blanketi langu magotini. Nilisimama nyuma yake. Wifi yangu alitoka majini wa nne, akavaa helmeti na kuondoka bila kugeuza shingo. Aliporudi kutoka kwenye baiskeli alikuwa wa tatu. Akaitundika, akaingiza miguu kwenye raba zake zenye kamba za mpira, akaanza kukimbia. Nikashusha pumzi.

Kisha akarudi. Akaja akachuchumaa mbele ya kiti, mbele ya kamera, anatweta, maji na jasho vinamtiririka. Nyuma yake nilimwona mshindani mmoja akipita, halafu mwingine.

Marehemu hakushusha kamera. Akasema kwa sauti iliyobaki, "Usitazame kamera."

"Sitazami kamera," wifi yangu akasema. "Nakutazama wewe."

Wakakaa hivyo. Wengine wakapita.

"Nenda," marehemu akamwambia.

"Naenda." Akamfunika blanketi vizuri magotini, akasimama, akakimbia.

Alimaliza wa nane. Msimu mwingine hakupewa, wala sijamsikia akiutaja.

Kuanzia hapo marehemu hakuinuka tena kitandani. Yeye na Maiki walihariri sehemu ya sita chumbani, kompyuta juu ya mto, Maiki akibonyeza na yeye akitoa maagizo kwa kidole. Alifariki nyumbani kwake Alhamisi tarehe 15 Mei 2025, mchana, dirisha likiwa wazi, mkewe amemshika mkono na Kipenga amelala miguuni pake. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitano. Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, majirani waliotuletea viti, na wanamichezo waliokuja kwa baiskeli.

Marehemu ameacha mama, mjane, binti mmoja, dada mmoja ambaye ni mimi, na Maiki, ambaye hakuzaliwa kwetu lakini hatuna namna ya kumtoa kwenye orodha.

Tangu juzi mmekuwa mkiniuliza, mmoja mmoja na kwa kunong'ona, kama kile kipande kimo katika sehemu ya sita. Mnaijua sheria yake. Maiki anasema walipofika hapo alisimamisha picha na kumwuliza, "Hapa tunakata?" Marehemu aliutazama uso wa mkewe kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Iache." Makala yanaishia pale. Hakutaka kitu kingine baada yake.

Mdogo wangu, leo tumekuja wote na tumesimama mbele yako. Tunakutazama, na safari hii huna ruhusa ya kumkata mtu. Pumzika kwa amani.