Punje Saba Mlangoni kwa Agnella

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo nitasoma polepole. Tunamkumbuka Agnella Ligazio wa Kibaoni, hapa Ifakara. Agnella, mpima mbegu za mahindi. Alifariki juzi Jumatatu kwa presha, akiwa na miaka hamsini na mmoja.

Alizaliwa Chita. Kwao mbegu zilitundikwa juu ya jiko, moshi uzikinge na wadudu. Moshi huo ulimwaibisha mwaka wake wa kwanza kazini. Alitazama punje za nyumbani kwa hadubini, akaandika kwamba ni aina mbili. Kumbe ni aina moja, nyingine zina masizi ya jikoni kwa mama yake. Walimcheka sana. Tangu siku hiyo aliosha kila punje kabla ya kuipima. Kisha akatazama chembe za ganda zilivyopangana mithili ya matofali: aina hii marefu, aina ile mafupi.

Msimu huu wakulima wa Sanje walimletea mbegu nyekundu za dukani. Mbegu halali nazo hupakwa rangi, kwa hiyo wao hawakushuku; walitaka tu kujua ni aina gani. Agnella akaosha, akatazama. Yalikuwa mahindi ya kula, mchanganyiko wa aina tatu. Akaandika hivyo, akasaini. Wakulima wakamshtaki mwenye duka, naye Agnella akaitwa mahakamani kutoa ushahidi.

Asubuhi iliyofuata alikuta punje saba nyekundu mlangoni kwake. Kesho yake, saba tena. Hakuna barua, hakuna simu. Punje tu.

Mumewe, Mzee Fridolin, ameniambia: "Nilimsihi, 'Mama Beno, ifute hiyo karatasi, twende zetu Chita.' Akasema, 'Naogopa, baba Beno. Lakini nikifuta, watu watavuna nini?' Mwishoni hata sufuria ikianguka anashika kifua."

Karatasi hakuifuta. Nakala aliniachia mimi. Jana, baada ya mazishi, niliisoma hapa hapa redioni.

Leo asubuhi nimekuta punje saba mlangoni pa studio.

Naogopa, wasikilizaji wapendwa. Siwafichi. Pole Mzee Fridolin, pole Beno, poleni ndugu wa Chita. Nasi wengine tujiulize: mvua zimekaribia, hadubini ya Agnella imefunikwa kitambaa, nani atatutazamia mbegu?

Kesho Alhamisi ndiyo siku ya kesi. Nitaipeleka mimi mwenyewe karatasi yake, na punje zangu saba ndani ya bahasha. Nikichelewa kurudi hewani, kumbukeni ilivyoandikwa. Ni mahindi ya kula. Narudia: ni mahindi ya kula.