Nani Kazuia Maombi ya Marlys?

Benchi letu liko nje ya duka la mikate la Bi. Halvorsen, upande unaopata jua, limebanwa na gereji ya matairi. Tangu kiwanda cha karatasi kifungwe, mji wetu huu wa kaskazini mwa Wisconsin hauna tena king'ora cha kututangazia saa. Siku hizi saa nne ya asubuhi tunaijua kwa birika la pili la kahawa. Asubuhi hiyo, mwisho wa Septemba, ukungu wa mtoni ulikuwa haujaamka, na tulikuwa watatu. Injinia, yaani Delmar Hruska, aliyeendesha mashine namba tano kiwandani miaka thelathini na hajawahi kuamini kitu asichoweza kukifungua kwa spana. Hakimu, yaani Verna Halloran, karani mstaafu wa mahakama. Na mimi, Stempu, niliyesambaza barua mji mzima mpaka miguu ikaomba likizo. Mwisho wa benchi alikaa mama mmoja wa kupita, koti la mvua la njano, akisubiri tairi lake gereji. Hakuwa na neno na mtu.

Wa nne wetu akaja anachechemea na fimbo. Huyu ni Norbert Wieczorek. Tulimbandika jina la Goti tangu Mei, alipowekewa goti la bandia, miezi mitatu baada ya kumzika mkewe.

— Wamemzuia, akasema hata kabla hajakaa.

— Nani kamzuia nani? nikauliza.

— Chuo! Kimemzuia Marlys wangu. Leo asubuhi alipita kunipikia uji, akaacha kompyuta yake wazi mezani. Nimeona kwa macho yangu haya. Maandishi mekundu: MAOMBI HAYAJAKAMILIKA. Na kesho ndiyo mwisho wa kupokea!

Marlys ni bintiye wa pekee, miaka thelathini na sita. Miaka tisa anawanyanyua wazee katika nyumba ya wazee ya hapo juu mtaani, anawaogesha, anawageuza. Sasa anataka kwenda kusomea udaktari wa tiba ya viungo, hawa wanaomshika mtu aliyepooza wakamfundisha upya kutembea. Katika mji mzima tunaye mmoja tu wa namna hiyo, kijana Tveit, na kumpata ni kusubiri miezi miwili. Kwa hiyo suala la Marlys halikuwa la Goti peke yake. Kila mtu pale benchini alikuwa na nyonga au bega linalomsubiri.

Goti akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne.

— Masharti yao haya. Nimeyachapisha. Someni wenyewe muone kama haya ni masharti au mtego.

Hakimu akavaa miwani.

— Shahada ya kwanza. Anayo.

— Anayo, tukaitikia.

— Alama za wastani zisipungue hizi hapa. Anazo, bora hata kuliko za mwanangu. Kemia, mihula miwili. Fizikia, mihula miwili. Takwimu. Saikolojia. Muundo wa mwili, na utendaji wa mwili. Somo la sayansi lililopita miaka kumi halipokelewi.

Injinia akaruka kama kaguswa na waya.

— Rudia hapo! Halipokelewi kwa nini?

— Limepitwa na muda.

— Somo la mifupa limepitwa na muda? We Verna, kwani mfupa wa paja ulihama? Miaka kumi iliyopita ulikuwa begani?

— Alilirudia, akasema Goti kwa uchungu. Alisoma mwaka wa kwanza wa chuo, likawa limepita miaka kumi na minne. Majira mawili ya baridi anatoka kazini, anaendesha kwenye theluji kwenda darasa la jioni, akakaa na watoto wa miaka kumi na tisa kuhesabu vifundo vya mkono. Akapata alama ya juu kuliko wote.

— Basi ndiyo hivyo, akasema Injinia. Samaki mkunje angali mbichi. Hawataki watu wazima hawa. Wanataka watoto, wawakunje wanavyotaka.

— Endelea, Hakimu, nikasema.

— Saa mia moja za kumtazama mtaalamu mwenye leseni akifanya kazi, na mtaalamu huyo azitie saini. Anazo mia na ishirini, kwa Tveit.

— Na miaka tisa ya kunyanyua wazee? nikauliza.

— Haihesabiwi. Hakuna mwenye leseni aliyesimama pembeni.

Mimi mwenyewe Marlys alimnyanyua mama yangu asubuhi na jioni mpaka siku ya mwisho. Haihesabiwi.

— Chovya chovya humaliza buyu la asali, akasema Injinia.

— Hiyo inaingiaje hapa, Delmar? Hakimu akamuuliza.

— Inaingia. Wewe fikiria tu. Endelea.

— Barua tatu za watu wa kumthibitisha. Moja lazima iwe ya mtaalamu wa tiba ya viungo. Na mwombaji anaweza kutia saini kwamba anaacha haki yake ya kuzisoma.

— Je, ametia saini hiyo? nikamuuliza Goti.

— Kasema kila mtu anatia. Usipotia wanadhani una la kuogopa.

Hapo damu yangu ya posta ikachemka.

— Yaani mtu anaandika habari zako, zinapita mgongoni kwako, na wewe mwenyewe umekubali usizione? Bila bahasha wala stempu? Miaka thelathini na moja nimebeba barua, Goti, sijawahi kubeba yenye harufu mbaya kama hiyo.

— Ni Tveit, akasema Injinia taratibu, anaangalia kushoto na kulia. Ni yule kijana. Piga hesabu. Mji mzima yuko peke yake. Marlys akirudi na udaktari, watakuwa wawili. Nani anataka kugawana magoti yetu?

— Tveit analala masaa matano, Hakimu akasema. Mkewe kaniambia. Angefurahi kugawana hata leo.

— Hivyo ndivyo anavyotaka mkewe aseme! Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji ni nani? Tveit. Kapona nini? Ushindani.

— Delmar, huo usemi haukuwa na maana hiyo hata siku moja.

Lakini Goti alikuwa ameinamisha kichwa.

— Mimi nina shaka nyingine, akasema. Nilimtukana Tveit. Mwezi wa sita. Alinipa mazoezi ya kufanya nyumbani, akaniuliza kama nayafanya, nikamwambia kijana, mimi nilikuwa napanda ngazi za kiwanda wewe bado hujajua kutambaa. Huenda analipiza kwa mtoto.

— Analipiza! akadakia Injinia. Na siyo peke yake. Nani ana hisa kwenye kampuni zinazotengeneza haya magoti ya bandia? Mkitembea vizuri, nani atanunua? Sasa chuo kinajua, kampuni zinajua, wale wa bima wanajua. Halafu anakuja binti anayejua kweli kumtembeza mtu. Ukiwa wewe ni wao utafanyaje? Utaandika kwa wino mwekundu, haijakamilika! Hata lile sharti la mwisho kwenye karatasi, la kuchunguza kama mtu ana kesi polisi, hilo si la Marlys. Wanatuchunguza sisi. Benchi hili.

— Wanatuchunguza kwa lipi? nikauliza.

— Tunajua mengi.

Goti akainuka kwenda ndani kuongeza kahawa. Hakimu akasema kwa sauti ya chini kwamba liwe liwalo, mtu aende kwa Tveit sasa hivi na kumuuliza ana kwa ana. Injinia akasema asiende mtu mmoja, twende wote, na asiende na simu. Goti alikuwa ndiyo kwanza anarudi na kikombe tukamwona Marlys mwenyewe anashuka mtaani, sare yake ya buluu, nywele kafunga kwa haraka. Ilikuwa saa yake ya mapumziko.

— Shikamooni. Mbona mmekaa kama mahakama?

— Marahaba, mama. Kaa, akasema Injinia. Tumeshamjua. Ni Tveit.

— Tveit kafanya nini?

— Hajatuma barua yako.

Marlys akamtazama baba yake, akaiona karatasi mapajani mwa Hakimu.

— Umefungua kompyuta yangu, baba?

— Ilikuwa wazi. Maandishi mekundu.

Alisimama pale, mikono mfukoni mwa sare. Nikadhani atakasirika. Akaketi ukingoni mwa benchi, akachoka ghafla, kama mtu aliyepanda ngazi nyingi.

— Anko Delmar, Tveit alituma barua Agosti. Ya kwanza kufika. Zote tatu zimo. Saa zimo, masomo yamo, chanjo zimo, insha ya kueleza kwa nini naitaka kazi hii imo, niliiandika mara kumi na moja. Hakuna aliyenizuia.

— Sasa mbona haijakamilika? nikauliza.

— Kimebaki kitufe cha kutuma. Ni mimi. Sijakibonyeza.

Injinia akamgeukia Goti.

— Chuo kiko mwendo wa saa nne kwa gari, Marlys akaendelea. Miaka mitatu. Baba hawezi kuingia bafuni bila kushikwa. Hawezi kushuka ngazi. Kila jioni nikifika namkuta kakaa palepale nilipomwacha. Nitamwacha na nani? Niende kuwafundisha watu wengine kutembea, wangu nimemwacha kwenye kiti?

Goti alikuwa anakitazama kikombe chake.

Ndipo yule mama wa koti la njano, ambaye tulikuwa tumeshamsahau, akageuka.

— Samahanini. Goti lenyewe la mzee ni lipi?

— La kulia, akajibu Injinia.

— La kushoto, akajibu Hakimu palepale.

Wakatazamana. Wote wawili wakanigeukia mimi. Nikafungua mdomo, nikagundua sijui. Miezi minne nimekaa naye benchi moja, nimembebea kahawa, sijui.

— La kushoto, akasema Marlys. Kwa nini?

— Aah, basi, mama akasema, ameshaona haya. Nilidhani la kulia. Alipokwenda ndani alichechemea la kulia.

Mtu wa gereji akamwita, tairi tayari. Akaondoka upesi, kama mtu aliyevunja sahani kwenye nyumba ya watu.

Marlys alipiga magoti kwenye saruji mbele ya baba yake, akapandisha suruali ya mguu wa kushoto. Akaweka kiganja kimoja juu ya kovu na kingine nyuma ya kisigino, akaukunja mguu polepole, akaunyoosha, akaukunja tena mpaka mwisho. Ulikunjika kama bawaba iliyotiwa mafuta.

— Unauma?

— Kidogo.

— Baba.

— Hauumi.

— Tangu lini?

Goti alimtazama Injinia, akanitazama mimi, hakuna aliyemsaidia.

— Mwezi wa saba.

— Mwezi wa saba, akarudia Marlys. Na bafuni? Kila jioni nakushika mkono, mgongo wangu wenyewe unalia.

— Ulikuwa unakuja kila jioni, Goti akasema. Tangu mama yako aondoke, nyumba ile... Nikajua likipona, hutakuja.

— Ningekuja.

— Ungekuja Jumapili.

Marlys hakukana. Hilo ndilo lililomuumiza Goti zaidi, nilimwona usoni.

— Na sisi? Hakimu akauliza, sauti imekauka. Asubuhi nzima unatulisha habari za chuo, za Tveit, mpaka tulikuwa tunataka kwenda kumkamata.

— Nilipoona yale mekundu nilijua ni mimi ninayemzuia, Verna. Nilijua palepale mezani. Nikatembea mpaka hapa naomba awe mtu mwingine. Yeyote.

Marlys aliinuka, akajipangusa magoti, akatoa simu.

— Usibonyezee hapa, Injinia akanong'ona. Mtandao wa duka hili...

— Anko Delmar, nyamaza.

Akabonyeza. Tulisubiri kama wanaosubiri baruti. Simu ikalia kidogo tu, mlio wa ndege mdogo. Akairudisha mfukoni.

— Kesho saa moja asubuhi, akamwambia baba yake. Darajani, kwenda na kurudi, bila fimbo. Ukichechemea nitajua.

Akapanda zake mtaani bila kumshika bega kama alivyozoea. Kwa wiki mbili baada ya hapo alimpelekea chakula, akawa anakiacha kibarazani na kuondoka. Lakini darajani alikuja kila siku, na walitembea, yeye mbele, mzee nyuma, hawasemi. Mvua ya kwanza ya Oktoba ndiyo iliwafanya wawe chini ya mwavuli mmoja.

Januari chuo kilimwita kwenye mahojiano. Goti ndiye aliyeendesha, saa nne kwenda na saa nne kurudi. Ndani walimwomba Marlys awaeleze juu ya mgonjwa mgumu kuliko wote aliowahi kukutana nao. Alijibu nini, hajamwambia mtu. Goti alikuwa nje kwenye gari, anapasha injini moto. Februari wakamchukua.

Siku aliyoondoka, Agosti, tulikwenda wote watatu kuaga. Goti alishusha masanduku ya vitabu kutoka ghorofani, moja begani, moja kwapani, akateremka ngazi moja kwa moja bila kushika ukuta. Akarudi juu akaleta mengine mawili. Akacheka na kila mtu. Akamwambia bintiye usipige simu kila siku, mimi nina shughuli zangu.

Injinia alimfuata kwa macho muda mrefu, jicho moja kalifinya.

— Stempu, akaninong'oneza. Huyu sasa anajifanya haumwi.

Gari lilikuwa limeshawashwa, na Goti alikuwa bado kaweka mkono juu ya buti lake, anacheka.