Onesphore na Sindano Iliyokosekana

Ijumaa hii, tarehe 29 Mei, Onesphore anastaafu baada ya kulinda lango la kituo chetu cha Overport, hapa Durban, kwa miaka kumi na minne. Sisi Watanzania tulimwita Mzee, Wakongo wenzake wakamwita Papa, na waliokuja kuacha dawa za kulevya walimwita majina ambayo mhariri ameyafuta.

Alipoajiriwa alipewa agizo moja: sindano isipite langoni. Alilitii kwa moyo wote. Diane alipokuja kuanzisha tiba ya sindano za masikioni, ile inayomtuliza mtu ili ushauri na dawa vimkute ametulia, Onesphore alimnyang'anya boksi zima. "Sindano hakuna, mama. Ata ya kushona." Diane alikaa kando ya barabara kwa muda wa saa mbili.

Mkurugenzi, kwa kumkomoa, akampa kazi ya kuzihesabu sindano hizo, tano kila sikio, zikitoka na zikirudi. Mwaka wa pili ikakosekana moja. Onesphore akafunga lango. Alikagua viatu, nywele, sufuria za jikoni na masikio yote ya kituo isipokuwa mawili. Jasho lilipomzidi, akavua ile kofia ya sufu aliyoivuta hadi shingoni hata Februari, joto la Durban likitutoa roho. Sindano ilikuwa sikioni mwake, imesahauliwa tangu asubuhi.

Ndipo tukajua. Kila asubuhi Diane alimchoma kwa siri, naye akasimama langoni na kofia yake, akipambana na pombe. Kanuni zetu ni nzuri sana: mgonjwa akianguka tunampa kiti, mfanyakazi akianguka tunampa barua. Barua yake ya kufukuzwa kazi niliichapa mimi, na naona haya kulisema. Kesho yake wagonjwa kumi na mmoja, watu aliowapekua mpaka soksi, walikaa nje wakasema hawaingii mpaka Papa awakague. Ilipofika saa tano mkurugenzi aliichana barua, akaenda kumwita.

Tangu hapo alichomwa waziwazi, kwenye kiti cha dirishani. Alirudia chupa mara mbili, na mara zote mbili alikuja kusema mwenyewe. Sasa ana miaka sita hajaonja.

Mzee wetu, asante kwa ukaidi wako. Tunakutakia maisha mema kule Queensburgh, wewe na Mama Estella. Ila Ijumaa, kabla hujatoka, utavua kofia langoni tukukague. Na Jumatatu kiti cha dirishani kitakuwa wazi kama kawaida, maana anayestaafu ni mlinzi. Mgonjwa bado tunaye.

Atuganile, ofisi ya mapokezi